Plaizi ya Marekani Iko Korido ya Mabomba

Mwezi Mei 2019 kampuni ya Stanley Black & Decker ilitangaza kwamba itajenga kiwanda kipya Fort Worth, Texas, kwa gharama ya dola milioni 90. Humo zingefuliwa soketi, racheti na spana za Craftsman, na watu wapatao 500 wangepata ajira. Mashine za kisasa zilitarajiwa kufanya kazi kwa kasi kiasi kwamba bei ya zana ya Texas ingekaribiana na ya zana iliyotoka China kwa meli. Mafundi magari waliokua na masanduku mekundu ya Craftsman gereji kwao waliipokea habari hiyo kama harusi. Machi 2023 kampuni ikatangaza kwamba inakifunga kiwanda. Mitambo iliyotegemewa haikufanya kazi ilivyopangwa, na soketi zilizofika rafuni zilikuwa chache mno.

Wengi walihitimisha kwamba zana za mkono zilizotengenezwa Marekani, kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu, zimekwisha. Hitimisho hilo ni kweli nusu tu. Anayetaka seti kubwa ya soketi ya Kimarekani kwa bei ya duka kubwa atazunguka hadi miguu imuume. Lakini siku ile ile kiwanda cha Fort Worth kilipotangazwa kufungwa, kwenye ndoano za maduka yale yale zilining'inia plaizi za Pennsylvania, nyundo za Illinois na bisibisi za Texas, nyingine zikiuzwa chini ya dola 20. Mnunuzi hakuziona kwa sababu hazikuwekwa mahali anapotafuta.

Maduka yanayozungumzwa hapa ni maghala hasa. Home Depot ilianzishwa mwaka 1978, ikafungua maduka yake ya kwanza Atlanta mwaka uliofuata, na leo ina zaidi ya 2,000 nchini humo. Mshindani wake mkuu, Lowe's, alianzia mji mdogo wa North Carolina mwaka 1921. Mtu huingia na toroli la kusukuma, akatoka na mlango, sinki, mifuko ya saruji, miche ya maua na kilo mbili za misumari. Karibu na mlango, au katikati ya duka, kuna kona ya zana: masanduku yenye droo, seti za soketi zilizopangwa kwa ukubwa, mabango ya punguzo. Kona hiyo imetawaliwa na chapa za nyumbani, yaani majina yanayomilikiwa au kuuzwa na duka lenyewe. Home Depot ina Husky. Lowe's ina Kobalt, na tangu 2018 inauza pia Craftsman.

Majina haya yote yana historia ya Kimarekani, na hapo ndipo mnunuzi hupotea. Kobalt ilipozinduliwa mwaka 1998, zana zake zilitoka J.H. Williams, tawi la Snap-on, kampuni ya Wisconsin ambayo zana zake mekanika hununua kwa mkopo na kulipa kidogo kidogo. Baadaye mkataba ukaenda kwingine, na kazi ikaishia Taiwan na China. Jina likabaki lile lile, na rangi ya buluu ikabaki ile ile.

Craftsman ina kisa kirefu zaidi. Sears, duka lililowahi kuwauzia Wamarekani karibu kila kitu kwa katalogi, lilisajili jina hilo mwaka 1927 baada ya kulinunua kwa dola 500 kutoka kampuni ndogo ya zana. Sears haikuwa na kiwanda chake cha spana. Iliagiza kwa watengenezaji mbalimbali na kugonga jina lake juu. Kilichoifanya chapa ipendwe ni dhamana yake: spana ikivunjika, rudi nayo dukani upewe nyingine, bila risiti na bila maswali. Watu walirudisha zana walizorithi kwa babu zao. Plaizi na bisibisi nyingi za Craftsman zilitoka Western Forge, kiwanda cha Colorado Springs kilichoanza katikati ya miaka ya 1960 hasa kwa ajili ya Sears. Sears ilipoanza kuyumba na kuhamishia oda zake Asia, kiwanda kilipoteza mteja wake mkubwa. Stanley Black & Decker ikanunua jina la Craftsman mwaka 2017 kwa takriban dola milioni 900, Sears ikaomba ulinzi wa mufilisi Oktoba 2018, na Western Forge ikafunga milango mwaka 2020. Dola 500 ziligeuka dola milioni 900 kwa neno moja tu, na waliokuwa wakifua chuma chenyewe hawakupata kitu katika hesabu hiyo.

Kwa nini seti ndiyo iliyoondoka kwanza? Anayejua kazi ya soketi hatashangaa. Kila kipande kinatakiwa kutengenezwa umbo, kitobolewe tundu lenye pembe, kipikwe kwa moto na kupozwa ili kiwe kigumu bila kuwa mwepesi wa kuvunjika, king'arishwe, kipakwe kromiamu, kigongwe namba, kisha kilazwe kwenye kisanduku mahali pake. Kazi hiyo hurudiwa mara mia au mia mbili kwa kila seti. Upakaji wa kromiamu hutumia kemikali zenye sumu, na sheria za mazingira za Marekani huzibana kweli kweli, kwa haki kabisa. Juu ya hayo, duka kubwa huuza seti kwa idadi ya vipande: bango husema vipande 200 kwa bei fulani, na jirani yake hujibu kwa vipande 230. Hakuna anayeuliza chuma kilifuliwa wapi. Kwa upande wa pili wa bahari, eneo la Taichung nchini Taiwan limejaa viwanda vya zana vinavyouziana vipuri na huduma, kimoja kikitengeneza umbo na kingine kikipaka kromiamu. Na isemwe wazi: soketi za Taiwan ni nzuri. Mekanika anayezikataa kwa ubora ana kazi ya kuthibitisha.

Zana zilizobaki Marekani ni za aina nyingine. Ni zile ambazo kiwanda kimoja, mara nyingi cha ukoo mmoja, kimekuwa kikitengeneza kitu kile kile kwa miongo mingi hadi mashine zikajilipa zamani.

Mfano ulio bora ni Channellock ya Meadville, Pennsylvania. Mwaka 1886 mhunzi aliyeitwa George B. DeArment alianza kufua zana za kutengenezea kwato za farasi na kuziuza kwa wahunzi wenzake. Farasi walipopungua barabarani, ukoo wake ukageukia plaizi. Mwaka 1933 mhandisi wao mkuu, Howard Manning, alibuni plaizi yenye mifereji kwenye kiungo, ambayo mdomo wake hupanuliwa hatua kwa hatua bila kuteleza. Ni ile ambayo fundi bomba yeyote duniani anaijua leo, hata kama hajui ilipozaliwa. Jina la bidhaa lilivuma kuliko jina la kampuni, hivyo mwaka 1963 kampuni ikajiita kwa jina la plaizi yake. Mji huo huo wa Meadville ulikuwa maarufu kwa zipu za Talon. Kiwanda cha zipu kiliondoka, cha plaizi kikabaki, na bado kiko mikononi mwa ukoo wa DeArment. Plaizi zake zenye mpini wa buluu ya mbinguni zinauzwa Home Depot na Lowe's, na za ukubwa wa kawaida hugharimu kati ya dola 15 na 30 hivi.

Ila hazikai kona ya zana peke yake. Mara nyingi ziko kwenye korido ya mabomba, baina ya viungo vya shaba na mikanda ya kuzuia uvujaji, karibu na spana nyekundu za mabomba za RIDGID. Hizi nazo zina mtego wake. Spana hizo ni za Ridge Tool ya Elyria, Ohio, kampuni iliyoanza mwaka 1923. Drili za rangi ya machungwa zenye jina lile lile la RIDGID, zilizopangwa korido ya tatu kutoka hapo, hutengenezwa na kampuni nyingine kabisa ya Hong Kong iliyokodi jina tu.

Korido ya umeme inayo Klein. Mathias Klein alikuwa mhunzi wa Chicago mwaka 1857 wakati nyaya za telegrafu zilipokuwa zikisambazwa nchini. Kisa kinachosimuliwa na kampuni ni kwamba fundi wa nyaya alimletea nusu ya plaizi iliyovunjika; Klein akafua nusu mpya na kuiunga na ile ya zamani. Siku nyingine fundi yule akarudi, safari hii ile nusu ya zamani ndiyo imevunjika, na Klein akafua ya pili. Hapo ikawa imezaliwa plaizi nzima ya Klein. Kisa ni kitamu mno kiasi cha kutia shaka kidogo, lakini tarehe na mji ni vya kweli, na kampuni bado ni ya ukoo. Leo plaizi na bisibisi zake nyingi hutengenezwa Mansfield, Texas. Plaizi ya fundi umeme ya Klein si ya bei ya kutupa, ila hudumu muda mrefu wa kazi ya kila siku.

Korido ya mbao inayo zana ambayo huenda ndiyo nafuu kuliko zote: pembetatu ya alumini ya Swanson. Albert Swanson aliibuni mwaka 1925. Ni kipimo cha mraba, kile ambacho maseremala huita gunia, ila hiki kina ukingo wa kukikalisha kwenye ubao, alama za digrii kwa ajili ya kukata kenchi za paa, na kinatoshea mfuko wa suruali. Seremala hukitumia pia kuongoza msumeno wa umeme ili ukate mstari ulionyooka. Kampuni iko Frankfort, Illinois. Pembetatu hiyo ya inchi saba imekuwa ikiuzwa kwa dola kumi na kitu, na kwa bei hiyo hakuna kisingizio cha kununua ya bati linalopinda.

Jirani na hapo kuna nyundo za Estwing, zitokazo Rockford, Illinois. Ernest Estwing, mhamiaji kutoka Sweden, alianzisha kiwanda mwaka 1923 akiwa na wazo moja: kichwa cha nyundo na shina lake vifuliwe kutoka kipande kimoja cha chuma, ili kichwa kisichomoke kamwe. Yeyote aliyewahi kuona kichwa cha nyundo kikiruka kutoka kwenye mpini wa mti na kupita karibu na sikio la msaidizi ataielewa thamani ya wazo hilo. Shina hufunikwa mpini wa buluu wa kupunguza mtikisiko, au pete za ngozi zilizobanwa pamoja na kusuguliwa mpaka zing'ae. Wanajiolojia wa nchi nyingi hutembea na nyundo ya miamba ya kampuni hii kiunoni. Nyundo ya kawaida ya aunzi 16, sawa na karibu gramu 450 kichwani, huuzwa kwa takriban dola 30. Nyundo ya mpini wa mti kutoka ng'ambo hupatikana kwa theluthi ya bei hiyo, na kwa anayepigilia misumari mara mbili kwa mwaka inatosha kabisa.

Hata korido ya rangi haiko nyuma. Brashi za Purdy hutengenezwa Portland, Oregon, na kila moja hutoka na kibandiko chenye jina la fundi aliyeitengeneza. Za Wooster hutoka mji unaoitwa Wooster, Ohio, ambako kampuni ilianza mwaka 1851. Brashi nzuri ndiyo inayomtenganisha mpaka rangi hodari na mwenye ukuta uliojaa nywele za brashi, na hapa tofauti ya bei kati ya ya Marekani na ya nje ni dola chache tu. Na kwa anayefunga na kufungua skrubu za pembesita, zile za alenki, kuna Bondhus ya Monticello, Minnesota, ambayo mwaka 1964 ilibuni ufunguo wenye kichwa cha mviringo unaoweza kuingia kwenye skrubu ukiwa umelala pembeni. Hizi huonekana zaidi katika maduka ya Ace Hardware. Ace ni ushirika: kila duka lina mwenyewe, na wenye maduka ndio wanaomiliki kampuni inayowasambazia bidhaa. Ushirika huo ulianzia Chicago mwaka 1924.

Baada ya kujua pa kutafuta, mnunuzi anatakiwa kujua cha kusoma. Bendera iliyochapwa kwenye kifungashio haimaanishi kitu kisheria hadi isomwe pamoja na maneno yaliyo chini yake. "Imebuniwa Marekani" maana yake ni kwamba michoro ilichorwa huko. "Imeunganishwa Marekani" maana yake vipande vimetoka popote. Maneno "Imetengenezwa Marekani" peke yake ndiyo yenye uzito: Tume ya Shirikisho ya Biashara, FTC, inataka bidhaa iwe yote au karibu yote ya Kimarekani, vipuri na kazi pamoja. Tangu Agosti 2021 sharti hilo ni kanuni rasmi, na mvunjaji anaweza kutozwa faini ya makumi ya maelfu ya dola kwa kila kosa. Kampuni zisizofikia kiwango huongeza mkia: "imetengenezwa Marekani kwa malighafi za kimataifa". Mkia huo ni halali na wa kweli, lakini unaweza kuficha mengi, kwani haumwambii mnunuzi kama kilichotoka nje ni skrubu moja au nusu ya zana.

Sheria hizi zimewahi kuuma. Mwaka 2006 Stanley, kampuni iliyozaliwa New Britain, Connecticut, mwaka 1843, ililipa faini ya dola 205,000 kwa sababu ya racheti zilizotangazwa kuwa za Marekani ilhali sehemu kubwa yake ilitoka nje. Ilikuwa tayari imeshaonywa kwa makubaliano ya mwaka 1999. Walmart, ambayo mwaka 2013 iliahidi kununua bidhaa za Marekani za thamani ya dola bilioni 50 zaidi katika miaka kumi, ilijikuta ikichunguzwa na FTC kwa alama zisizo sahihi za asili ya bidhaa kwenye orodha zake za mtandaoni. Mwaka 2015 iliziondoa alama hizo na uchunguzi ukafungwa.

Kuna njia ya uhakika zaidi kuliko kusoma karatasi, nayo ni kusoma chuma. Sheria ya Ushuru ya mwaka 1930 inataka kila bidhaa inayoingizwa Marekani iandikwe nchi iliyotoka. Kwa plaizi, koleo, visu na mikasi, kanuni za forodha zinakwenda mbali zaidi: jina la nchi lazima ligongwe, lichongwe au liwekwe kwenye kibati kilichofungwa juu ya chuma, mahali panapoonekana. Kibandiko cha karatasi hakitoshi. Kwa hiyo plaizi iliyotoka China au Taiwan itajisema yenyewe karibu na kiungo au upande wa ndani wa mpini, hata kama kifungashio kimejaa nyota na mistari. Bidhaa za ndani, kinyume chake, hazilazimiki kuandikwa lolote, ingawa mtengenezaji mwenye akili huandika kwa herufi kubwa.

Namba za mistari nyeusi zinazosomwa kwa mashine dukani hazisaidii. Imeenea imani kwamba tarakimu za mwanzo huonyesha nchi ya kiwanda. Zinaonyesha tu ni ofisi ya nchi gani iliyoisajili kampuni; kampuni ya Chicago inayoagiza spana kutoka China itatumia namba za Marekani kwenye spana hizo hizo.

Chapa nzima pia isiaminiwe kwa mkupuo. Klein ile ile ya Mansfield huuza futi za kupimia na mita za umeme zilizotengenezwa ng'ambo. Channellock huuza spana ya kurekebisha iliyofuliwa Hispania, nayo ni spana nzuri. Kila zana ichunguzwe kivyake.

Na utaifa wa mwenye kampuni hauelezi zana imetoka wapi. Milwaukee Tool ilianza mwaka 1924 katika mji ambao jina lake imelibeba, lakini tangu 2005 inamilikiwa na TTI ya Hong Kong. Mtu angetarajia kazi yote ihamie Asia. Badala yake TTI imejenga kiwanda cha zana za mkono West Bend, Wisconsin, kinachotengeneza plaizi na bisibisi za mafundi umeme, na zinauzwa Home Depot ndoano chache kutoka kwa Klein. Wakati huo huo Craftsman, ambayo mmiliki wake ni kampuni ya Connecticut, imebaki ikitegemea soketi kutoka Asia. SK, chapa ya mekanika iliyoanzia Chicago mwaka 1921, iliuzwa mwaka 2021 kwa GreatStar ya Hangzhou, China. Mzalendo anayechagua zana kwa kuangalia nani anapokea faida na mzalendo anayeangalia nani anapokea mshahara wanaweza kutoka dukani na mifuko tofauti kabisa.

Orodha ya zilizobaki inapungua, na hakuna sababu ya kuficha. Vise-Grip, plaizi inayojifunga yenyewe, ilibuniwa katika miaka ya 1920 na William Petersen, mhunzi wa Kidenmaki aliyeishi DeWitt, kijiji cha Nebraska. Kwa miongo mingi kiwanda chake ndicho kilichokilisha kijiji hicho. Oktoba 2008 kilifungwa na kazi ikahamia China. Kampuni ya Malco ilinunua jengo na kujaribu kuirudisha plaizi hiyo kwa jina jipya la Eagle Grip. Ilikuwa zana ya kupendeza, lakini bei yake ilikuwa juu sana kuliko ya Vise-Grip ya kuagizwa, na jaribio hilo nalo likakoma.

Mabeleshi yamefuata njia hiyo. Ames ilianza kutengeneza mabeleshi Massachusetts mwaka 1774, kabla nchi yenyewe haijatangaza uhuru; mabeleshi yake yalichimba njia za reli na mitaro ya vita. Mwaka 2023 wamiliki wake walitangaza kwamba wataagiza zaidi kutoka nje na kufunga viwanda kadhaa vya ndani, na mamia ya watu wakapoteza kazi.

Je, ushuru hauwezi kugeuza mwelekeo? Tangu 2018 serikali ya Marekani imeweka ushuru wa ziada kwa bidhaa nyingi za China, zana zikiwemo, na ule wa chuma cha nje uliowekwa mwaka huo kwa asilimia 25 ulipandishwa hadi 50 Juni 2025. Bei ya zana za kuagiza imepanda. Lakini mfua nyundo wa Illinois hununua chuma hicho hicho kwenye soko ambalo bei yake imepandishwa na ushuru, na mashine zake huenda zimetoka Ujerumani au Japani. Fort Worth ilifungwa miaka mitano baada ya ushuru wa kwanza kuanza. Ushuru unaweza kulinda kiwanda kilichosimama. Kujenga kipya chenye wafanyakazi wanaojua kurekebisha mtambo wa kufulia chuma saa nane za usiku ni kazi nyingine.

Kuhusu thamani ya pesa, uamuzi hautakiwi kuwa wa ibada. Kwa soketi na spana za pete, mtu wa kawaida anunue za Taiwan zilizo kwenye kona ya zana na asilaumiwe. Racheti moja ya Snap-on hupita dola 100, na gari halitajua tofauti. Kwa plaizi ya mabomba, Channellock ina mpinzani mkali, Knipex ya Wuppertal, Ujerumani, ambayo iko kwenye maduka yale yale. Mafundi wengi wanakiri kwamba ya Kijerumani hushika bomba vizuri zaidi, nayo hugharimu zaidi. Kwa nyundo, kipimo cha mraba, plaizi ya umeme na brashi, za Marekani hushinda kwa sifa zake zenyewe, na bei yake haimfukuzi mtu.

Haya yana faida gani kwa msomaji wa Kiswahili? Kwanza, Waswahili wenyewe wako huko. Wakimbizi kutoka Kongo waliopelekwa Texas, Kentucky au Ohio, na Wakenya na Watanzania waliohamia kwa masomo na kazi, wengi hushika zana kila siku katika ujenzi, maghala na ukarabati wa nyumba, na hununua katika maduka haya haya. Pili, kila mwaka ndugu wanaorudi likizo au wanaopakia kontena huombwa waje na "zana za Marekani", na mara nyingi huleta seti kubwa yenye bendera sandukuni, iliyotengenezwa Asia, ambayo ingeweza kupatikana Kariakoo au Nairobi bila kulipiwa nauli.

Anayetuma maombi kama hayo aandike jina la zana moja moja, si "seti". Kama ni spana au soketi, asisitize za milimita, kwa sababu seti nyingi za Marekani huchanganya na za inchi, na nusu ya inchi haifungui boliti ya Toyota. Futi ya kupimia inayouzwa Marekani mara nyingi ina inchi peke yake, haina sentimita; aangalie kabla ya kulipa. Plaizi, nyundo, brashi na bisibisi hazina shida hiyo. Na aliyeko dukani apite kwanza korido ya mabomba, ya umeme na ya mbao, aifungue plaizi mdomo, aigeuze, asome kilichogongwa kwenye chuma karibu na kiungo, ndipo aende kwa keshia.